Mgeni Aliyenifundisha Kirusi

Ninyi vijana mtakaosoma haya, kaeni vizuri na mwache kucheka mapema. Mimi niliishia darasa la nne, lakini uongo siujui, na umri wangu si wa kutunga hadithi ili nipendwe. Haya yalinipata hapa mtaani kwetu Mfaranyaki, jikoni kwangu, na mjukuu wangu Skola alikuwepo. Anayebisha amuulize yeye.

Mwanangu Imelda anaishi Urusi. Alikwenda kusoma, akaolewa huko na kijana wa Mbinga aliyekuwa akisoma naye. Alipopata mimba, akanipigia simu kwamba wakipima wanaona ni wa kiume, na kwamba atapewa jina la kaka yake, mwanangu aliyefariki akiwa kijana, tukamzika Maposeni. Katika ukoo wetu jina la marehemu halibebwi na simu. Bibi ndiye anayelipeleka. Anampakata mtoto, anamwita sikioni kabla mtu mwingine hajamwita. Kwa hiyo ilinibidi niende. Jina lile lilikuwa mzigo wangu, na sikuwa na mzigo mwingine wa maana.

Imelda akasema, mama, kwenye uwanja wa ndege wa Moscow utakuwa peke yako, jifunze maneno machache. Maji, mkate, asante, nisaidieni, naitwa fulani. Skola akaniwekea masomo kwenye simu. Ile sauti ya simu inakimbia, inamumunya maneno kama haina meno! Nikaifokea, nikaizima.

Ndipo akaja yule mwanamke.

Ilikuwa Juni, mahindi yameshavunwa, mabua yamebaki yamesimama nyuma ya nyumba, na ukungu unashuka kabla jua halijazama. Akapiga hodi mlango wa jikoni. Mwanamke wa makamo, kitenge kisafi, kichwa amekifunga. Akanipa shikamoo yake kwa adabu. Akasema amesikia najifunza Kirusi, naye alikaa Urusi zamani, atanisaidia. Nani alimwambia? Sikuuliza. Mtaa wetu una midomo mingi.

Na jina lake sikuuliza. Hapo ndipo kosa lilipo, nawaomba mnielewe. Sisi tulilelewa hivi: mgeni haulizwi jina wala anakotoka mpaka amenawa na kula. Kumuuliza na njaa yake ni kumfukuza. Nami kila nikimkaribisha chakula, alisema, "Kesho, mama, leo nimeshiba." Basi nikangoja ale.

Alifundisha vizuri, siwezi kumsingizia. Maji ni vada. Mkate ni hlyeb. Asante ni spasiba. Alilitamka neno mara moja tu, nami nikalishika kama nimezaliwa nalo. Kilichonishangaza kidogo ni Kiswahili chake. Siku ya kwanza kilikuwa chembamba, maneno ya kuhesabika, kama mtu aliyeyakariri. Akija tena kimenenepa. Baadaye akawa anachanganya na Kingoni, tena Kingoni cha kina mama wa zamani, namna ninavyosema mimi ninapogomba. Nikadhani ananiiga kwa mapenzi.

Asubuhi moja nikamwambia Skola aniletee vada. Akacheka, akasema bibi ameshafika Urusi. Nikataka kusema lile neno letu, neno la kila siku, la kisimani na ndooni. Halikuwepo. Nililitafuta kama mtu anayepapasa kiberiti gizani. Siku nyingine nikashindwa kutaja mkate, nikaonyesha kwa kidole kama bubu. Skola akaacha kucheka. Akasema twende hospitali, huenda ni kiharusi. Nikakataa, nikamwambia ni uzee na safari. Mnaona ubishi?

Jioni ya mwisho somo lilikuwa la majina. Minya zavut, yaani naitwa. Akaniambia nitaje watu wangu, kila mmoja na jina lake, ili ulimi uzoee. Nikawataja watoto wangu walio hai. Akasema, "Na aliyelala Maposeni?"

Niaminini, niliacha kuchochea moto, nikamtazama. Sikuwahi kumwambia habari za Maposeni. Lakini nikawaza, si ndilo jina ninalokwenda kuliita huko? Nikalitaja.

Akatabasamu, akasema leo atakula.

Nikafurahi. Nikachukua beseni na jagi, nikapiga goti kumnawisha. Akanyoosha mikono. Nikamimina. Nikaendelea kumimina, jagi likawa jepesi, na beseni kavu. Sakafu kavu. Mikono yake mikavu pia. Maji yalitoka kwenye jagi na hayakufika popote.

Nilikuwa nimeshapiga goti, ningekimbilia wapi? Nikafanya lile lililobaki katika desturi. Nikamwambia, "Mgeni, umeshanawa. Nani jina lako?"

"Nilikuwa sina," akasema, kwa sauti yangu mimi, sauti hii hii mnayoisikia mkinisoma. Kisha akasema minya zavut, akataja jina.

Skola alikuwa mlangoni na sahani ya ugali. Akaniuliza, "Bibi, kwa nini anajiita jina la mjomba?"

Nami nikamjibu, "Mjomba gani?"

Mwanamke akainuka, akasema spasiba, akatoka akaingia kwenye mabua. Hayakutikisika. Hatukumwona tena, wala hakuna mtu mtaani aliyewahi kumwona akija.

Mwanangu namkumbuka, msidhani nimemsahau. Uso wake, kikohozi chake, namna alivyopenda kiporo cha maharage. Jina ndilo halipo. Skola alinitamkia usiku ule mpaka akalia. Midomo yake naiona ikitembea, ninachosikia ni upepo. Nilipelekwa Maposeni mbele ya msalaba. Nasoma tarehe vizuri. Nikifika kwenye jina, macho yanateleza.

Safari nilikwenda, tiketi ilishakatwa. Moscow niliomba maji, nikaomba msaada, wakanielewa wote. Mzee mmoja alimwambia mkwe wangu kwamba nasema kama mtu wa kwao. Hilo ndilo linalonitisha kuliko yote, kwamba yule mwanamke hakunidanganya hata neno moja.

Imelda akanipakatisha mtoto. Akangoja. "Mama, mwite." Nikainamisha mdomo kwenye lile sikio dogo. Nikakaa hivyo. Imelda akadhani nimekataa, kwamba bado nina kinyongo cha yeye kuolewa mbali, akageukia ukutani akalia. Ikabidi nimweleze, naye akamwita mtoto mwenyewe, peke yake, bila bibi.

Maneno mengine yamerudi. Skola alinifundisha upya kama mtoto anayetambaa: haya maji, huu mkate. Jina halikurudi. Mtoto sasa anaongea, nikipiga simu namwita mume wangu, na watu wanadhani ni utani wa bibi na mjukuu. Juzi akaniuliza, "Bibi, mimi nani?" Akajitaja mwenyewe. Nikasikia upepo. Nikamwambia mtandao mbaya.

Sasa ninyi mnaosafiri, jifunzeni lugha za watu, sikatazi, zitawafaa. Lakini jifunzeni kwa mtu ambaye nyumba yake mnaijua, na mama yake mnamjua, na mmeshamwona akimeza tonge. Anayekupa neno bure, tena likakaa ulimini bila taabu, jiulize amelipatia nafasi wapi.

Nyumbani kwangu niliwaita wote, hata wapangaji wa uani, walimu kutoka mikoa mingine wasiojua mila zetu. Nikawaambia: mgeni ambaye hajala kwetu, asitajiwe hapa jina la mtu yeyote, aliye hai wala aliye kaburini. Akiuliza mimi ni nani, mwambieni ni bibi, basi, na mumletee beseni, tuone kama maji yatafika.