Mama Chanuo na nywele za kitanda cha dirishani

Wodi haijaamka vizuri, lakini Mama Chanuo ameshafika kwenye kitanda cha dirishani. Amevaa gauni la kazi la kijani lililopauka mabegani, miguuni ana ndala, na mfukoni kuna chanuo la meno mapana, kichupa cha mafuta na mkasi mdogo uliofungwa ndani ya kitambaa.

Mkasi huo haukati kitu kingine. Si bandeji, si plasta, si uzi. "Mkasi butu haukati nywele, unazitafuna," anasema. "Na ulipotafuna leo, kesho ncha moja imekuwa mbili."

Yeye ni mhudumu katika wodi ya wanawake wasioweza kuinuka. Aliajiriwa kudeki, kubeba vyombo vya haja, kuogesha na kubadili mashuka. Miguu yake huvimba ikifika mchana, na mshahara, kama asemavyo mwenyewe, humpitia tu kumsalimia. Nywele hazimo katika kazi zake. Humu ndani vichwa hunyolewa, maana hakuna mikono ya kutosha kuvichana, na nywele zisizochanwa hushikamana zikawa kama sufi ya godoro kuukuu.

Kichwa kimoja tu ndicho kilichoponea. Ni cha Mwalimu, aliyekuwa akifundisha chekechea mpaka siku alipoteleza kwenye ngazi akiwa amebeba viti vidogo vya watoto wake. Alivunjika shingo. Huu ni mwaka wa pili, na kuanzia mabegani kwenda chini hana habari na mwili wake. Mumewe alikuwa akija kila siku, kisha kila Jumapili, kisha akawa mtu wa safari.

Alipoambiwa atanyolewa, Mwalimu hakulia. Aliomba aachiwe nywele zikue mpaka zimfike kifuani. Kichwa chake hakiinuki, na macho yake yana dari, dirisha na sehemu ndogo ya kifua chake. Alitaka apate kitu chake mwenyewe cha kutazama. Sista mkuu wa wodi alikubali, kwa sharti kwamba siku nywele zitakapoleta shida zitaondoka bila mjadala.

Basi Mama Chanuo akazilea. Nywele za mtu anayelala usiku na mchana zina adui mmoja, naye ni mto. Foronya za hospitali ni ngumu. Zinakunywa mafuta, zinasugua, na ncha zinapasuka kama uzi uliogoma kuingia kwenye tundu la sindano. Mpasuko usipokatwa hupanda juu, mwishowe unywele wote ukakatika katikati. Ukikatwa, urefu unarudi nyuma. Hapo ndipo wawili hawa huvutana.

"Mama, unanirudisha nilikotoka," Mwalimu humlalamikia.

"Nakuondolea uchafu tu," hujibu Mama Chanuo, huku akisokota fungu dogo la nywele mpaka ncha mbovu zijitokeze ubavuni, azikate mojamoja.

Mama Chanuo alifumua bitana ya satini ya gauni lake mwenyewe la harusi akamshonea Mwalimu foronya laini. Bibi wa kitanda cha pili, ambaye kichwa chake hunyolewa kila mwezi, alimwonya Mwalimu kwamba akitoka hapa na nywele zile, wenzake wote wataonekana wametoka jela.

Wiki iliyopita zilikuwa zimebakiza upana wa kidole kufika kifuani, na ncha zikaanza tena kupasuka. Mwalimu alikataa katakata zikatwe. Mama Chanuo akafanya ambalo msusi yeyote angefanya: akazisuka msuko mmoja mnene, akauzungusha na kuufunga kifundo kisogoni, ncha zikiwa zimefichwa ndani zisisuguane na chochote. Wakakubaliana kifundo kikae wiki nzima.

Leo anakifungua.

Vidole vyake vinasimama. Ngozi chini ya kifundo imelowa, na harufu yake anaijua kwa miaka yake ya kazi. Anatenganisha nywele taratibu. Ni kidonda cha kulalia, ukubwa wa kifuniko cha soda, na katikati pameanza kuwa peusi. Kifundo alichokifunga kwa mikono yake ndicho kilichokuwa kikimchimba mwenziwe kichwa.

Anamuuliza kama hakuhisi maumivu. Kichwani ndipo mahali pekee Mwalimu anapohisi.

"Tangu siku ya pili," Mwalimu anasema, amefumba macho.

"Na ukanyamaza?"

"Ningesema, ungezikata."

Kigari cha dawa kinalia mwisho wa wodi. Ni Sista anakuja. Mwalimu anaongea harakaharaka, kwa sauti ya chini. Anaomba mpaka mwisho wa mwezi tu. Kidonda kioshwe kimyakimya, kifunikwe na nywele hizohizo, nani atajua?

Mama Chanuo anatazama kigari. Mkono wake umebaki kwenye nywele. Kigari kinapita kitanda cha kwanza, kinasimama cha pili.

"Sista," anaita, "njoo uone nilichokifanya."

Sista anasogeza kigari kando. Anavaa glovu, anabonyeza kingo za kidonda, anasema daktari ndiye atakayejua kama kimefika mfupani, kisha anaagiza wembe. Mama Chanuo anaomba mkasi wake utangulie. Anaruhusiwa.

Nyuma kote kunakatwa, zinabaki za mbele tu. Mwalimu anasikia mfuko wa takataka ukifunguliwa.

"Usiutupe msuko. Uweke nione."

Mama Chanuo anaulaza msuko kifuani pake. Mwalimu anashusha macho na kuutazama kwa muda mrefu, kitu cheusi juu ya shuka jeupe, asichohisi uzito wake.

"Ncha zimezidi kupasuka?"

"Hata moja, mwanangu."

Mama Chanuo ameshapanga. Hatadeki tena wodi nzima kwa mkupuo, atadeki kipande kipande, ili kila akipita kwenye kitanda cha dirishani ageuze kichwa cha Mwalimu upande mwingine. Mhudumu wa zamu ya usiku ameahidi kufanya hivyo pia. Nywele za mbele ataziacha wazi, hata zikipasuka.

Linalobaki ni jibu la daktari, na anaomba liwe jema. "Nywele nikiziharibu najua pa kuanzia," anasema akiokota ndoo ya kudekia. "Mfupa ndio sijui."