Mtandao Ulishika Kaburini

Nilipohama nyumba ya kupanga mtaani Kahawa Sukari nikaenda kukaa kwenye shamba letu Theta, nilidhani mtandao utanifuata tu. Kumbe! Ruta niliiweka dirishani, nikaipandisha juu ya kabati, mwisho nikaifunga kwenye mparachichi. Wapi! Watu wa intaneti ya nyaya wa Ruiru nao wakasema kwetu hawana mpango wa kufika. Nikazunguka na simu mkononi kama mtu aliyepoteza kuku, nikapata mahali pamoja tu penye mtandao wa kueleweka: juu ya kaburi la jirani.

Lilikuwa kaburi la vigae vyeupe, mwinukoni, ndani ya shamba lake mwenyewe. Mjane wake, ambaye sote tunamwita shosho, yaani bibi, kama marehemu tulivyomwita guka, babu, alicheka nilipomwomba ruhusa.

"Kaa hapo tu. Guka alikuwa anapenda wageni, hawezi kukufukuza."

Mtaka cha mvunguni huinama. Siku ya mahojiano ya kazi nilikaa pale na laptopu magotini. Ilikuwa kazi ya kupokea simu za wateja kwa Kiswahili, ukiwa nyumbani, na kati ya zote nilizoomba ni hiyo pekee iliyoniita. Walitaka mtu mwenye ofisi tulivu. Nikawaambia ninayo. Nyuma yangu nilikuwa nimetundika shuka kwenye msalaba wa guka.

Katikati ya maswali shosho akatokea na akina mama wenzake wa kanisa, wamebeba jembe na maua. Walikuwa wamekuja kupalilia kaburi na kuomba, kama kawaida yao. Aliponiona akaweka kidole mdomoni, wote wakanyamaza, wakasimama juani kuningoja. Lakini upepo ukafunua shuka.

"Hao nyuma yako ni akina nani?" mhojaji akauliza.

"Ni wafanyakazi wa shamba," nikajibu haraka. "Wanaondoka sasa hivi."

Wakaondoka kweli. Shosho alitangulia, maua yake bado mkononi.

Kazi nilipata. Sikuwa na furaha hata kidogo. Kila nikikumbuka mgongo wake ukiteremka ule mwinuko, niliona aibu, na nikaapa nitaenda kumwomba msamaha. Nilimkuta jikoni akimenya viazi. Nilikuwa nimejipangia la kusema njia nzima, lakini hakunipa nafasi.

"Nimesikia umepata kazi! Mungu ni mwema." Akanivutia kigoda. "Tumeongea na wale wenzangu. Kwa guka tutakuwa tunaenda Jumapili jioni pekee, ukiwa off. Usijali, hatutakuharibia tena."

Hapo ndipo nilipaswa kusema nililolijia. Nilikaa kwenye kile kigoda, nikatazama maganda ya viazi, kisha nikasema, "Asante, shosho."