Koti la Manyoya

Wifi yangu alikuja Buffalo katikati ya baridi, kwa basi kutoka Louisville, akabadilisha basi Columbus na kusinzia njia nzima akiwa ameketi. Ni dada mkubwa wa mume wangu, mjane, mfanyakazi wa bohari, na tangu tuletwe nchi hii kutoka kambini Tanzania hakuwahi kutembelea mtu. Nilimwuliza anataka kuona nini. Nilidhani atasema maporomoko ya maji, kama wageni wote. Akasema anataka soko la vitu vya zamani, kisha alione ziwa likiwa limechafuka.

Jumamosi mume wangu akaenda kazini, sisi tukaenda sokoni.

Soko lenyewe liko ndani ya kiwanda kilichofungwa. Madirisha yamezibwa kwa mbao na hewa ya ndani haina pa kutokea. Kazi yangu ni kuwatunza wazee majumbani. Nawaogesha, nawabadilisha nguo, kwa hiyo harufu hainitishi upesi. Lakini humo nilifunika pua kwa skafu. Kulikuwa na meno ya bandia kwenye glasi, na ukoko wa njano ungali umeganda kwenye fizi. Kulikuwa na magodoro yaliyochorwa ramani za mikojo. Meza moja ilikuwa na picha za familia za watu: maharusi, vichanga, mzee ndani ya jeneza, zote zimerundikwa kwenye boksi la viatu, na wateja wanazipekua kwa vidole vyenye mafuta ya donati huku wakicheka. Nilitaka kuondoka.

Wifi hakuyaona hayo. Alikuwa amesimama mbele ya koti refu la manyoya ya kahawia. Muuzaji, mzee mnene, alikuwa anakula samaki wa kopo kwa mkono. Alijifuta kwenye suruali, akamvika wifi lile koti kwa vidole vilevile, akawa analilainisha mabegani mwake.

"Wifi," nikamwambia kwa sauti ya chini, "hilo ni la marehemu. Linanuka."

"Humu kila kitu ni cha marehemu."

"Basi tuliache. Kafa Ulaya tulivaa ya kutosha kule kambini."

Ndivyo tulivyoita mitumba, maana watu waliamini wenye nguo hizo wamekufa huko Ulaya. Akajigeuza mbele ya kioo chenye ufa.

"Kule tulikuwa tunarushiwa," akasema. "Siku ya harusi yangu nilivaa koti la mwanamume, kwa sababu ndilo lililoniangukia. Hili nimelichagua."

Akalilipia, akatoka nalo mwilini.

Ndani ya gari nikawasha hita, na joto likaliamsha koti. Lilitoa harufu ya mkojo wa paka na vipodozi vilivyochacha. Nikateremsha kioo, theluji ikatuingilia.

Ziwani upepo ulikuwa mkali hata mlango wa gari haukufunguka kwa urahisi. Watu husema lile ni ziwa, lakini ng'ambo haionekani, na siku ile mawimbi yalikuwa ya rangi ya tope, yakipiga ukuta wa zege na kurudi. Povu lilijikusanya kando kama la maharage yaliyolala siku nyingi. Ndani yake niliona samaki waliokufa, chupa, na nepi ya mtoto. Vyuma vya ukingo vilikuwa vimevikwa barafu.

"Nipige picha," wifi akasema. "Mama aione huko kambini alikobaki."

Akasogea ukingoni, akainua kidevu. Nilimpiga picha moja, kisha wimbi likapanda ukuta na kummwagikia toka kichwani. Hakuanguka. Alisimama na majani ya ziwa begani, halafu akashika ubavu wake, uso ukambadilika.

"Kuna kitu kinatembea humu."

Tulikimbilia garini. Akalivua koti, akachana bitana kwa ufunguo, na kiota cha panya kikamwangukia mapajani: nyuzi, nywele, na watoto wa panya wekundu, vipofu, wakijinyonganyonga. Mama yao akaruka juu ya mguu wangu, akapotelea chini ya kiti. Nikafungua mlango, nikatapika kwenye theluji.

Nilipoinua kichwa, wifi alikuwa amewakusanya wote kwa mkono mtupu. Akatoka, akawatupa upande wa maji, akarudi akitetemeka. Kisha akalivaa tena lile koti lililolowa, kwa sababu hakuwa na jingine.

"Usimwambie mumeo," akasema. "Atawasimulia wote kanisani."

Nyumbani alilifua bafuni kwa siki na sabuni. Maji yalitoka meusi, manyoya yakaziba tundu, na mimi ndiye niliyeyachomoa, mafundo mafundo, yanateleza kama kamasi. Hakulitupa. Alirudi nalo Louisville. Kituoni nilimkumbatia huku nimebana pumzi, naye akanishikilia muda mrefu.

Baadaye baridi ilipopungua makali, gari likaanza kunuka. Nikavaa glavu za kazini, nikamtoa yule panya chini ya kiti, vipande vipande. Mume wangu akauliza ni nini kimeoza.

"Dagaa," nikamwambia. "Walimwagika."