Nilivyomhesabia Dada Stela Kalori

Hii sipendi kuisimulia, na hadi leo nikimwona mtu wa ofisi yetu ya zamani sokoni nageuza njia, lakini mmeniuliza kwa nini sivai tena ile saa, basi ngoja niseme, mcheke pale pa kucheka maana hapatakuwa pengi.

Daktari aliniambia sukari yangu imeanza kupanda (sijawa mgonjwa bado, ila niko mlangoni), akataka nipunguze uzito na nitembee kila siku. Mimi nikaona kutembea bila kipimo ni kujichosha bure, nikanunua saa ya mkononi, ile inayomulika taa ya kijani kwenye ngozi na kuhesabu mapigo ya moyo, halafu inakwambia umechoma kalori ngapi. Kosa langu lilianzia hapo, dogo tu, la kununua saa.

Masjala tulikuwa wawili, mimi na dada Stela, aliyenizidi miaka kumi na miwili, mtu mpole, mgonjwa wa kisukari wa siku nyingi, anayemeza dawa zake kwa wakati na kula kwa nidhamu: ugali wa uwele kiasi cha ngumi, mlenda, chai kavu isiyo na sukari. Tukaanza kutembea pamoja jioni kutoka kazini hadi kwangu Miyuji, palepale Dodoma, kisha yeye anapanda bodaboda kwenda kwake Chang'ombe. Tukifika getini natazama saa na kumsomea kama mhubiri: leo kalori mia sita, leo mia saba. Na kwa kuwa tumetembea njia moja kwa mwendo mmoja, nikamwambia zangu ndizo zake (mwenye saa ni mimi, mwenye kisukari ni yeye, sikuona tatizo). Nilikuwa nimetafuta kwenye simu chapati moja ina kalori ngapi, nikamfundisha kutoa na kujumlisha. Asubuhi ya kwanza aliposhika chapati pale kantini aliniangalia kwanza, kama mtoto anayeomba ruhusa, nami nikamwambia ale, ameifanyia kazi.

Sasa nifike kwenye jambo linaloninyima usingizi. Baba yangu alilazwa Mpwapwa, nikaenda kumuuguza, na siku moja nilikaa kwenye benchi nje ya wodi tangu mchana mpaka jua linazama, sikunyanyuka hata kununua maji, nasubiri daktari atoke aniambie kama mzee atapona. Nilipoitazama saa ilikuwa imeniandikia kalori nyingi kuliko siku yoyote niliyowahi kutembea. Nilikaa tu, jamani. Moyo ulikuwa unakimbia kwa woga, nayo ikahesabu woga wangu kama mazoezi. Nikalielewa hilo palepale, wala sikuhitaji msomi wa kunieleza. Baba akapona, nikarudi Dodoma, na sikumwambia dada Stela neno, kwa sababu wakati huo ofisi nzima ilikuwa inaniita mtaalamu, na mkuu wa idara alishaniomba niwe mfano kwenye bonanza la watumishi. Utamu wa kusifiwa ni mbaya sana.

Siku ya bonanza nikavaa fulana mpya nikapewa maikrofoni. Nikaongea, Mungu anisamehe, karibu robo saa, kisha mshereheshaji akasema sasa mwalimu wetu apande mzani tuone matunda. Nikapanda nikiwa bado na maikrofoni mkononi. Muuguzi aliyekuja kupima watu alisoma kwa sauti, bila nia mbaya, na ilikuwa kilo nne zaidi ya zile nilizokwisha kuwatangazia kwamba ndizo nilizoanza nazo. Uwanja ukacheka. Na mimi nikacheka (ungefanyaje?), nikasema mzani umekaa kwenye mchanga.

Ili kujiokoa nikamvuta dada Stela kwenye meza ya kupima sukari. Alikuwa mchovu siku hiyo, amekunywa maji chupa tatu, anachechemea kwa lengelenge la kiatu ambalo alidai ni dogo. Muuguzi akamtoboa kidole, akatazama mashine, akarudia kidole cha pili, akainama kumwuliza taratibu kwamba mama, umekuwa ukila nini, maana hii imepita mahali mashine inapoweza kusoma.

"Nakula kwa hesabu za mwenzangu," dada Stela akasema. "Ana saa."

Maikrofoni ilikuwa bado inawaka mkononi mwangu, karibu na mdomo wake. Uwanja mzima ukasikia, ukacheka tena, na hapohapo dada Stela akashika ukingo wa meza, ukamponyoka, akaanguka. Kicheko kilikatika mara moja. Tulimbeba kwenye gari la mkuu wa idara, kichwa chake mapajani mwangu, na muuguzi, huku akimshika mkono, akaniambia bila kunitazama kwamba saa inasikia mapigo tu, haijui kama unatembea, unaumwa au unaogopa, na hata kwa anayetembea inakisia, na hesabu ya mtu mmoja hapewi mwingine.

Sikumwambia kwamba nilijua.

Alilazwa wiki tatu. Lile lengelenge lilikuwa limeoza, wakamkata kidole kidogo cha mguu. Aliporuhusiwa nilikwenda kwake na mayai na mlenda mkavu, mumewe akanipokea vizuri, akanipa kiti, akatoka. Nikapiga magoti nikamweleza dada Stela yote, pamoja na benchi la Mpwapwa. 

"Ungeniambia siku ile uliporudi," akasema, "ningeacha siku ile ile."

Alinikaribisha chai, nikanywa, nikaondoka. Aliporudi kazini aliomba ahamishiwe chumba kingine, na tukipishana koridoni namwamkia shikamoo dada, anaitikia marahaba kama anavyomwitikia yeyote, anapita zake akichechemea. Mwaka huu nami nikaomba uhamisho.

Natembea bado, natembea peke yangu, sihesabu. Na nimejiapiza kutomwambia mtu ale nini mpaka naingia kaburini. Hata binti yangu akiniita jikoni kuniuliza kama chumvi imetosha, namwambia aonje mwenyewe.