Gari Lililowaacha Vifaranga Wasikike

Gaudensia aliuza vifaranga wa siku moja. Aliwapokea Mpanda kwenye maboksi yenye matundu, mia kila boksi, akawapeleka Usevya kwa kina mama walioagiza. Kazi hiyo aliifanya kwa masikio. Kifaranga akilia kwa ukali, ana baridi. Akiongea polepole kama anayesengenya, yuko salama. Akinyamaza, fungua boksi upesi, joto linamuua.

Mwezi uliopita, ndani ya gari la kukodi lililonguruma kama mashine ya kukoboa, hakusikia kitu. Walipofungua maboksi, themanini walikuwa miguu juu. Imakulata, mwenyekiti wa kikundi cha Usevya, hakugomba. Alisema tu, "Dada Gaude, wakifa tena, tutaagiza kwa mwingine." Tangu siku hiyo Gaudensia akawa analala jicho moja wazi.

Ndipo yeye na mumewe Deusdedit walipouza mpunga wa misimu miwili, wakaenda kwa Haidari, mfanyabiashara wa magari yaliyotumika pale mjini. Aliwaonyesha SUV mbili, ndugu wa tumbo moja: umbo moja, mwaka mmoja, bei moja. Jeupe lilikuwa la petroli tupu, toleo la juu: viti vya ngozi, kioo kwenye paa, kamera za pande zote, rimu kubwa zinazong'aa. La kijivu lilikuwa haibridi, linalotumia petroli na betri, lakini toleo la chini kabisa: viti vya kitambaa, kamera ya nyuma tu, rimu za kawaida.

"Sasa hili la kijivu tunalipia nini?" Deusdedit aliuliza, mkono wake ukipapasa ngozi ya lile jeupe.

"Unalipia kisichoonekana, mzee wangu."

"Visivyoonekana nimewaachia mapadri. Mimi nipe ninachokiona."

Haidari alicheka. Gaudensia hakucheka. Aliomba jambo moja tu: kila gari lijaribiwe na boksi la vifaranga kiti cha nyuma, naye kando yake.

Walianza na jeupe, barabara ya Kasekese. Mahali barabara inapotengenezwa, mama mwenye kibendera akawasimamisha. Haidari alizima injini asichome mafuta bure, na kiyoyozi kikafa nayo. Jua likapenya kile kioo cha paa. Zikapita dakika kumi. Boksi likanyamaza. Gaudensia akafunua: midomo wazi, mabawa yametandazwa.

"Washa! Baba Recho, mwambie awashe!" alimpigia kelele mumewe.

Ubaridi uliporudi, vifaranga walizinduka. Lakini injini ilinguruma njia nzima, na hakujua tena wanasema nini.

Walirudi mjini, wakachukua la kijivu na boksi jingine. Barabara ile ile, kibendera kile kile. Gari liliposimama, injini ikazima yenyewe.

"Limekufa!"

"Halijafa, mama. Tulia, sikiliza."

Hakulisikia gari. Kiyoyozi kiliendelea kupuliza, nguvu kikiitoa wapi, Gaudensia hakujua, maana hapakuwa na mngurumo wowote. Na ndani ya ukimya ule akawasikia: vifaranga mia, wakisengenya. Vinyweleo vya mikono vikamsimama. Miaka tisa ya kazi hii, hajawahi kuwasikia ndani ya gari. Bendera ikageuzwa, gari likaondoka bila injini kuwaka, kama kivuli cha wingu kinavyovuka jaruba la mpunga.

"Yesu wangu," alinong'ona, akiogopa kupaza sauti kama aliye mbele ya tabernakulo.

Hata hivyo, aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Chini ya kiti kitu kilianza kuvuma. Akainama. Boksi lake lilikuwa limeziba wavu mdogo.

"Hapo ndipo betri inapovutia hewa," Haidari alisema. "Hapatakiwi kuzibwa, itapata joto."

"Nisingeinama, ungeniambia?"

Haidari akakuna kichwa.

"Unaona?" Deusdedit alidakia. "Na betri ikifa, fundi gani wa hapa ataigusa? Tutalisafirisha kama maiti!"

"Sifichi, mzee, betri ni ghali. Hii nimeipimisha, karatasi utaiona. Ila haitaishi milele."

Gaudensia alisogeza boksi, akaweka kiganja karibu na wavu. Hewa ikapita katikati ya vidole. Mvumo ukapungua.

"Kumbe nalo linapumua," alisema. "Kitu kinachopumua nakijua kukitunza. Kioo cha paa nitakitunzaje, Baba Recho? Nikipikie uji?"

"Na viti vya ngozi?"

"Kuku hajui ngozi. Atavinyea tu."

Wakachukua la kijivu. Wiki iliyofuata Gaudensia aliingia Usevya na maboksi matatu. Safari nzima hakuuacha ule wavu uzibwe hata na kanga. Imakulata hakusubiri salamu. Alipanda kiti cha nyuma, akafunua boksi moja baada ya jingine, akihesabu kwa kidole. Alimtoa mmoja tu aliyekufa, mdogo kuliko wenzake.

"Wengine wote wazima?"

"Umehesabu mwenyewe."

Imakulata alifunika boksi la mwisho. "Basi tuandikie mia tano mwezi ujao." Kisha akageuza shingo. "Lakini mbona mmezima gari na ubaridi unakuja?"

"Funga mlango, shoga," Gaudensia alimwambia. "Funga, halafu usiseme kitu."