Mpira Chini ya Majani Chai

Nilikuwa nimesoma kwamba mpira wa tenisi unaweza kumziba mbwa koo, na kwamba manyoya ya mpira huo husaga meno ya mbwa. Tangu hapo niliwaonya majirani wote hapa karibu na Roret, hata wasiofuga mbwa. Wakaniita Daktari.

Asubuhi hiyo ukungu ulikuwa umelala juu ya michai. Nilichuma kama mtu aliye usingizini, majani mawili na chipukizi, tena na tena, huku mbwa wangu Simba akipotea katika ule weupe na kutokea tena. Mara moja alitokea na mpira mdomoni. Nilimnyang'anya, nikaendelea kuchuma na kuota.

Tulipofika kituo cha kuuzia majani, Simba alijilaza akakohoa mara mbili. Nilipapasa mifuko yangu, mpira haukuwemo. Nikaamini ameuiba tena na kuumeza.

"Mama Cherono, shika miguu," nilimwambia jirani yangu, nikaingiza mkono mdomoni mwa mbwa hadi kifundo. Simba alinitazama kwa upole.

"Daktari, huyu anapumua vizuri kuliko wewe."

"Tafuteni pikipiki apelekwe kwa daktari wa mifugo," nilisema. "Atakufa."

Wakati huo karani alikuwa akimwaga kikapu changu mezani ili akague majani, kama ilivyo kawaida. Kitu cha manjano kikabingirika, kikadunda chini.

"Daktari," karani aliuliza, "na hii tupime?"

Simba akachomoka mikononi mwetu, akaudaka.