Moto wa Bibi Bukuru na Kiberiti Changu

Naikumbuka asubuhi ile ya masika, mwanangu, mbuzi wa Bibi Bukuru alipoingia kwenye maharage yangu. Mbuzi yule jina lake Bibi Harusi, kwa sababu alikuwa mweupe mwili mzima na alipenda kutembea taratibu kama anayetazamwa. Nilimshika kamba nikampeleka kwao, maneno yamenijaa mdomoni. Maneno yale sikuyasema, na kwa nini sikuyasema nitakueleza. Ila ujue mapema kwamba habari hii ya mbuzi ni habari ya simu. Usicheke. Nimeikumbuka kwa sababu mjukuu wangu Jenerosa, fundi cherehani, nusura ampoteze rafiki yake Zuhura huku simu iko mkononi.

Nianze mwanzo. Nilitoka Kasanda kuja kuolewa hapa Heru Juu, na kilima kizima sikuwa na ndugu. Jikoni moto ukizimika, nilichukua kigae cha chungu nikaenda kuomba kaa kwa jirani, Bibi Bukuru. Moto wake ulikuwa hauzimiki. Jioni aliufukia kwenye majivu, asubuhi akaufukua, na nyumba sita ziliwasha kwake. Alikuwa pacha wa kwanza, ndiyo maana akaitwa Bukuru. Pacha wake, Butoyi, alifariki wakiwa wasichana, na watoto hakujaliwa. Alilala peke yake, lakini kwa ajili ya moto ule hapakuwa na asubuhi aliyoamka asione mtu.

Na hakuutoa bure. Unachuchumaa mlangoni, unapiga makofi ya taratibu kama tunavyosalimiana sisi Waha. "Mwakeye?" "Twakeye." Umelalaje? Filipo mume wako amelalaje? Na ile ndoto ya juzi? Na kuku aliyekuwa anaatamia? Mpaka afike kwenye kuku, kaa limepoa juu ya kigae na inabidi akuchagulie lingine! Mimi nilikuwa kijana, nina haraka. Nikawa nahesabu matuta ambayo ningekuwa nimeshayapalilia.

Basi Filipo akaenda Manyovu kuuza maharage, akarudi na chumvi, khanga na viberiti. Siyo kimoja, pakiti nzima. Mwanangu, niliringa! Kimoja nikalala nacho chini ya mto kisipate unyevu. Vingine nikavigawa nyumba zote zile, kwa Mama Skolastika, kwa mzee Ruhoza, kwa Paskazia, kwa wote, nikiwaambia, "Sasa tumepumzika kuchuchumaa." Wakanishukuru sana. Bibi Bukuru sikumpa. Wa nini, naye moto anao?

Siku moja akapita njiani na jembe begani. "Moto wako siku hizi haunijui," akasema.

"Bibi, nina kiberiti!"

"Ahaa. Kiberiti ni mgeni mzuri. Kinasalimia?"

Nikacheka mimi, akacheka na yeye. Nilidhani ametania tu.

Mvua ikanyesha siku tatu mfululizo, ile ya huku milimani inayoingia mpaka kwenye mifupa. Siku ya nne ndipo Bibi Harusi akaonekana kwenye maharage yangu. Nikapanda naye kilimani nimeshapanga maneno: bibi, fungeni mbuzi wenu, jasho langu si majani. Kufika, nikatazama paa. Moshi hakuna. Nikapiga makofi, "Mwakeye?" Kimya. Nikasukuma mlango.

Alikuwa amelala kwenye mkeka, homa inamtetemesha, na mafiga ni baridi. Yule aliyewasha nyumba sita hakuwa na mtu wa kumletea kaa moja. Siku tatu hakuingia mtu, kwa sababu kila mtu alikuwa na kiberiti. Na kiberiti nilikigawa mimi.

Akafumbua macho, akamwona mbuzi mlangoni. "Afadhali huyu," akasema kwa sauti ndogo, "yeye bado anatembelea watu."

Nilikimbia mpaka nyumbani, nikatoa kiberiti chini ya mto, nikarudi nacho, nikawasha. Njiti mbili zikakatika, ya tatu ikakubali. Nikampikia uji wa ulezi. Filipo na mzee Ruhoza wakambeba kwenye kitanda cha kamba mpaka zahanati, na Mungu ni mwema, baada ya wiki mbili alirudi kwa miguu yake, akilalamika kwamba wagonjwa wa kule hawajui kusalimiana.

Nikamfuata kuomba msamaha. Nilishika kiberiti mkononi, nikamwambia nakitupa chooni, sikitaki tena. Akanikazia macho.

"Ukijikata na jembe, utatupa jembe? Kiberiti kilikufungia mlango wangu? Miguu ni ya nani?"

"Ya kwangu, bibi."

"Basi usikisingizie. Mimi nimezeeka, kupuliza moto kunanimaliza kifua. Kesho asubuhi njoo nacho uniwashie."

Nikawa naenda na kiberiti changu kila asubuhi, miaka tisa, mpaka alipotutoka. Kuwasha ilikuwa kufumba na kufumbua. Salamu zilikuwa ndefu vilevile, mpaka kwenye kuku. Kupotea njia ndiko kujua njia.

Sasa tuje kwa Jenerosa. Mjukuu wangu huyu alitoka Kibondo kwa mama yake, akaja kukaa na mimi na cherehani yake. Zuhura, binti wa mwenye duka la vitambaa pale Kasulu mjini, ni rafiki yake tangu shuleni. Zuhura alipochumbiwa, Jenerosa alijua gauni la harusi atashona yeye. Kumbe kitambaa kimepelekwa kwa fundi mwingine, na yeye ameambiwa na watu baki. Akanuna. Zuhura akipiga simu, hapokei. Akawa anaongea na ile akili ya kwenye simu, ile unayoiuliza nayo inakujibu. Asubuhi yeye na simu, mchana yeye na simu. Sindano haipandi wala haishuki.

Nilisikiliza. Inaongea Kiswahili cha watangazaji, na haichoki kusikiliza, hilo nalisifu. Mtoto alikuwa ameacha kula, na baada ya kuongea nayo siku mbili tatu akaanza kula. Siku moja nikamwomba na mimi niisalimie.

"Umeamkaje?" Ikasema iko tayari kunisaidia. Nikauliza, "Wewe mtoto wa nani?" Ikanijibu kwa adabu kwamba si mtu, ni programu ya kompyuta, haina wazazi. Nikasema, "Pole sana." Jenerosa alicheka mpaka akakaa chini, na mimi nikafurahi, maana kicheko kile nilikuwa sijakisikia wiki tatu.

Nikaendelea. "Huyu mtoto amemnunia Zuhura. Afanye nini?" Ikasema ni vizuri amtafute Zuhura mwenyewe, amuulize ana kwa ana, kwa sababu yenyewe haiwezi kujua Zuhura alikuwa na sababu gani.

Nikamgeukia mjukuu wangu. Akainamisha kichwa. "Bibi, imeniambia hivyo tangu wiki ya kwanza."

"Eeh! Basi kiberiti chako kina akili kuliko changu. Changu hakikuwahi kuniambia nenda." Ndipo nikamsimulia habari ya Bibi Bukuru, kama nilivyokusimulia wewe.

Akaona haya kwenda hivihivi. Akaiomba simu imwandikie Zuhura maneno ya kutangulia. Ikaandika, akanisomea: rafiki yangu mpendwa, nathamini sana uhusiano wetu. Nikamwambia tuma, lakini meseji ni kubisha hodi tu, anayeingia ni mtu. Fimbo ya mbali haiui nyoka. Harusi ilikuwa imebaki siku tano. Tukachukua bodaboda, mimi katikati kama gunia la mihogo, yeye nyuma amenishika, mpaka Kasulu.

Zuhura alikuwa dukani anapima vitenge. Alipotuona aliweka mkasi chini. Halafu Zuhura akasema, "Eti rafiki yangu mpendwa! We Jene, tangu lini? Nilijua hapo si wewe. Wewe unaniita 'we Zuu, acha ujinga.'"

"We Zuu," Jenerosa akasema, na machozi yakaanza, "acha ujinga. Gauni langu umempa nani?"

"Nikupe gauni ili iweje? Siku yangu yote uwe umeinama kwenye cherehani unabana pindo? Nilitaka ukae na mimi, tupakwe hina wote! Nakupigia nikuambie, hupokei."

Mwanangu, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Hilo la hina, simu isingelijua hata ungeiuliza mwaka mzima. Yenyewe ilikuwa imeshakiri. Lilikuwa moyoni mwa Zuhura, na ufunguo wake ulikuwa miguu ya Jenerosa. Wakakumbatiana pale juu ya vitenge, mama yake Zuhura akinung'unika kwamba wanavilowesha. Jumamosi nilimwona mjukuu wangu amekaa mkekani, mikono yote miwili ina hina, hawezi kushika simu wala sindano. Hata kunywa chai alinyweshwa.

Yeye ndiye ananiandikia haya, na amenuna kidogo kwa lile la machozi. Liache hapohapo, Jene.

Ukiniuliza kama hiyo akili ya kwenye simu inaweza kumfaa mtu, nitasema ndiyo, kama kiberiti. Ukiwa kwenye baridi, washa. Iambie kinachokuuma, ikutulize, ikupangie maneno kama yamekukwama. Sioni aibu hapo. Lakini ukishaota moto, jiulize: leo nimepanda mlima wa nani? Kama inakutoa nje ukaenda kwa watu, ni rafiki wa nyumba. Kama inakufanya usihitaji kubisha hodi kwa mtu, usiitupe wala usiitukane. Tazama miguu yako, maana miguu ni ya kwako. Na unapowagawia wengine kitu kizuri, kumbuka nani kilimani atabaki bila wa kumsalimia. Kwa huyo uanze wewe. Usingoje mbuzi akuletee habari.

Nenda, mwanangu. Mungu akupe jiko lisilopoa, na mlangoni pako asikosekane mtu wa kuja kuomba moto.